Chora Stesheni, Achana na Paris

Mikahawa mingi ya kisasa pale Eldoret ina Paris ukutani: barabara, mvua, taa za usiku. Tunakunywa chai ya maziwa chini ya mji ambao wengi wetu hatujaukanyaga, na hakuna anayeuliza mbona.

Sina ugomvi na Wafaransa. Maurice Utrillo alichora kwa rangi za mafuta nyumba kuukuu za mtaa wake wa Montmartre. Mwaka 1914 alichora ile aliyowahi kuishi mtunzi wa muziki Hector Berlioz. Miaka ya 1920 nyumba ikabomolewa. Picha bado ipo, kwenye makumbusho ya Orangerie. Na huyo Utrillo mara nyingi alichora akitazama postikadi tu.

Sasa turudi kwetu. Reli ilipanda Timboroa, ikapita Ainabkoi, ikafika Eldoret mwaka 1924. Kandokando kukawa na stesheni, maghala na nyumba za masetla. Nani amezichora? Ukutani sijaona hata moja.

Kuna wanaosema hizo ni nyumba za mkoloni, wacha zianguke. Hapo ndipo tunakosana. Makaburu walifika Uasin Gishu mwaka 1908, miaka mitatu tu baada ya Koitalel Samoei kuuawa. Nyumba ya setla si pambo, ni ushahidi. Mawe yalipasuliwa na nani? Maji yalibebwa na nani? Ikishabomolewa, mjukuu wako ataambiwa hapa palikuwa patupu mpaka siku ploti zilipopimwa, na hatakuwa na kitu cha kubishia.

Ndiyo, kuna Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, na waziri anaweza kutangaza jengo lilindwe. Lakini tingatinga halisomi gazeti la serikali.

Kwa hivyo wewe mwenye mkahawa, pesa za hiyo Paris ya kuchapishwa mpe mchoraji wa hapa Sisibo. Apande matatu mpaka Ainabkoi na turubai yake.

Utaniambia simu inatosha. Piga picha, ni sawa, lakini zikifika elfu moja hutazitazama tena. Mchoraji hukaa mbele ya ukuta mmoja siku tatu, mpaka wazee waje wamuulize anatafuta nini, naye awaulize boi alikuwa akiingilia mlango gani. Huo mlango ndio ninaoutaka ukutani.