Tunapima Kilo, Hatupimi Mgongo

Leo sitaandika juu ya Linux wala kasi ya intaneti. Nataka tuzungumze juu ya afya ya mfanyakazi, kwa sababu jambo hili limeingia kwenye uwanja wetu sisi tunaoandika programu, na naona tunalikoroga.

Siku hizi ofisi kubwa hazikosi kuzungumzia programu ya simu ya "ustawi wa wafanyakazi". Inahesabu hatua ulizotembea, inakukumbusha kunywa maji, inakuuliza asubuhi unajisikiaje, kisha inakuonyesha kikatuni cha uso unaocheka. Sina ugomvi na riziki ya mtu anayeitengeneza. Lakini msimamo wangu ni huu: afya kazini haiboreshwi kwa kumwongezea mfanyakazi kitu cha kubonyeza. Inaboreshwa kwa kuibadilisha kazi yenyewe. Ukitaka ushahidi usiende Nairobi. Njoo huku kwetu, Kisii na Nyamira.

Tuanze na chai.

Kaunti hizi mbili zina viwanda vingi vya chai vilivyo chini ya KTDA. Upande wa Nyamira kuna Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi, Tombe na Gianchore. Upande wa Kisii kuna Ogembo, Kiamokama, Itumbe na Nyamache. Majani yanatoka kwa wakulima wadogo, wengine hata ekari moja ya chai hawana. Kila mkulima ana namba yake. Karani anapima kwa mizani ya kielektroniki, kilo zinaingia kwenye kumbukumbu, na bonasi ya mwaka inakokotolewa kutokana na kilo hizo hizo. Kama mtu wa data nakwambia huo ni mfumo wa kuheshimiwa. Jani halipotei bila mtu kuuliza.

Sasa uliza swali jingine. Mwezi uliopita ni wachumaji wangapi walioshindwa kwenda shambani kwa sababu ya mgongo? Swali hilo mizani haiwezi kulijibu, kwa kuwa haikutengenezwa kulijibu. Tumepima kilo, hatukupima mgongo ulioibeba.

Kwa msomaji asiyejua kazi hii: mchumaji anaingia shambani asubuhi mapema majani yakiwa bado na umande. Anatafuta majani mawili na chipukizi, anachuma, anatupa nyuma kwenye kikapu. Mikono inarudia mwendo ule ule siku nzima. Kikapu kinazidi kuwa kizito, na shamba liko kwenye mteremko, maana vilima vyetu mnavijua. Kisha mzigo unabebwa mpaka kituo cha kupimia, na huko kuna foleni. Kiuno, shingo, mabega, vifundo vya mikono, vyote vinalipa.

Na mchumaji wa kibarua analipwa kwa kilo. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Ukimbandikia bango kwamba apumzike dakika 10 kila saa, umemwomba atoe dakika hizo mfukoni mwake. Hatapumzika, na si kwamba ni mjinga. Mfumo umeandikwa kumwadhibu anayepumzika. Sisi waandishi wa programu tunajua kwamba mtumiaji hufuata njia ambayo mfumo unamlipa kuifuata, siyo ile iliyoandikwa kwenye mwongozo.

Tena mchumaji huyu mara nyingi si mwajiriwa wa kiwanda. Ni kibarua wa mkulima, au ni mama mwenye shamba mwenyewe. Programu za ustawi zinadhani kila mfanyakazi ana idara ya utumishi ghorofa ya tatu. Mama wa Kebirigo idara yake ya utumishi ni nani?

Basi nini kifanyike? Si mambo ya ajabu. Majani yapimwe mara nyingi zaidi kwa siku ili kikapu kisijae kupita kiasi. Kituo kiwe na meza ya urefu wa kiuno, mtu ashushe mzigo bila kuinama. Foleni iwe chini ya paa. Mwenye shamba anayeajiri vibarua atenge malipo ya chini ya siku, kilo zije juu yake. Hakuna hata moja hapo linalohitaji seva.

Kuna watakaosema dawa ni mashine. Mashine inapunguza kuinama na kubeba, kweli, ingawa ile ya kushika mkononi ina kelele, moshi na mtetemo wake. Lakini tazameni jirani zetu wa Kericho, ambako Mei 2023 waandamanaji walichoma moto mashine za kuvunia chai. Mashine ikiondoa maumivu ya mgongo kwa kumwondoa mwenye mgongo kazini, hatujaboresha afya ya mfanyakazi. Tumempunguza mfanyakazi.

Twende Tabaka.

Tabaka, kule South Mugirango, ndiko linakochimbwa jiwe la Kisii, jiwe la sabuni kama wengine wanavyoliita. Linachongwa kwa panga na kisu, linasuguliwa kwa msasa, linapakwa nta, linakwenda Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Msanii Elkana Ong'esa amelifikisha mbali jiwe hili: sanamu yake ya Enyamuya iko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Ni fahari yetu. Lakini jiwe hilo likikatwa likiwa kavu linatoa unga mweupe unaokaa kwenye nywele, kwenye nguo, na kwenye mapafu.

Vumbi linaloonekana si ndilo baya zaidi. Chembe ndogo mno, za chini ya sehemu 10 za elfu moja ya milimita, ndizo zinazopita puani na kooni mpaka ndani. Jiwe la sabuni kwa sehemu kubwa ni madini laini ya talki, lakini kutegemea mwamba, ndani yake huweza kuwamo madini mengine makali zaidi. Kuvuta vumbi la mawe kwa miaka mingi kunaweza kuyafanya mapafu yawe na makovu, na kovu la pafu halifutiki. Kitambaa ulichofunga mdomoni hakizuii chembe hizo.

Wataalamu wa usalama kazini wana ngazi yao ya kinga, na kila mwandishi wa programu ataielewa mara moja. Kwanza, ondoa hatari. Ukishindwa, badilisha kitu au njia. Ukishindwa, tenganisha hatari na mtu. Ukishindwa, panga upya saa na taratibu za kazi. Mwisho kabisa, mpe mtu barakoa. Yaani rekebisha hitilafu kwenye chanzo chake, usimwekee mtumiaji ujumbe wa kumwonya kila anapobonyeza.

Na Tabaka chanzo kinarekebishika kwa maji. Kina mama wanaosugua sanamu ndani ya karai la maji hawarushi vumbi kama anayekata kwa msumeno jiwe kavu hatua chache kutoka kwao. Ujuzi uko pale pale kijijini. Kinachotakiwa ni maji ya kutosha, jiwe kulowekwa kabla ya kukatwa, mashine za umeme kuwekwa upande upepo unakoelekea, na watoto wasicheze kwenye unga. Tangi la maji la kikundi litaokoa mapafu mengi kuliko programu ya kuhesabu pumzi.

Msidhani sisi wa kompyuta tumesalimika. Mwaka 2021 WHO na ILO walitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusika na vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo katika mwaka 2016. Kijana wa Kisii mjini anayefanya kazi ya mteja wa Marekani usiku, na ya mteja wa hapa mchana, saa hizo anazimaliza kabla ya Ijumaa. Kiti kizuri hakitamwokoa. Mkataba wenye mwisho wa saa za kazi unaweza.

Sheria je? Ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu mahali popote mtu anapofanyia kazi, na aliyejiajiri naye ana wajibu ndani yake. Penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kamati ya usalama na afya. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila 7, na baada ya miezi miwili mfululizo kazini, siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na 7 kwa nusu malipo kila mwaka. Juni 2022 ILO nayo iliweka mazingira salama na yenye afya kati ya haki za msingi kazini. Karatasi hatuna upungufu nazo.

Upungufu ni kumbukumbu. Na hapa, hatimaye, ndipo napoona kazi yetu.

Wekeni daftari kwanza, kisha mfumo. Mambo manne tu: tarehe, kazi iliyokuwa ikifanywa, sehemu ya mwili iliyoumia, siku zilizopotea. Likikubalika, ligeuzeni liwe menyu fupi ya USSD inayofanya kazi hata kwenye mulika mwizi, kwa Kiswahili na Ekegusii. Baada ya msimu mmoja wa chai tutajua kama migongo inaumia zaidi shambani au njiani kwenda kituoni, na meza ijengwe wapi. Mkifika kwa kaunti na namba, si rahisi mwambiwe ni malalamiko.

Lakini jina lisiandikwe! Nasema hili kwa mkazo. Kibarua akijua kwamba maumivu yake yataonwa na anayempa kazi, atanyamaza, au atafukuzwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya kuwa data nyeti, na ina haki. Data ikusanywe na kikundi cha wachumaji au wachongaji wenyewe, na mwajiri aone jumla tu. Ukiniomba nikutengenezee mfumo unaomwonyesha bosi ni nani aliyelalamika mgongo, kazi hiyo mpe mtu mwingine.

Mtaniambia mkulima mwenyewe hana pesa, bonasi ni ndogo, meza na tangi atalipa nani? Hoja hiyo ni ya kweli, na siidharau. Ila gharama haijaepukwa, imehamishwa tu. Inalipwa sasa hivi na mama anayenunua dawa za maumivu dukani, na mchongaji anayekohoa usiku. Meza ya kituo kimoja inagawanywa kwa wakulima wote wanaouzia pale. Mgongo haugawanywi.

Kwa hiyo, ndugu zangu waandishi wa programu, mtu akikujia na bajeti ya programu ya ustawi, muulize kwanza watu wake wanabeba nini, wanavuta hewa gani, na wanalipwaje wanapopumzika. Majibu yakiwa mabaya, mwambie anunue meza.