Mlima pia unalipwa mdogo mdogo

Wacha niseme hii kitu hata kama wasee wa kupanda milima watanifuta kwa grupu. Kama umetembea kutoka lango la Sirimon mpaka Old Moses, ukalala, ukarudi nyumbani, umepanda Mlima Kenya. Si ati "ulijaribu". Umepanda kipande chake, na kile kingine kitakungoja.

Najua jibu lenu: Lenana ama ubaki nyumbani. Hata mimi nilikuwa naongea hivyo mpaka Novemba iliyopita. Tulitoka Nairobi Ijumaa saa nne usiku na matatu ya kukodi. Jumamosi alfajiri tukaanza kutembea. Mpango ulikuwa tulale kambi ya Shipton, tuamke saa nane usiku twende Lenana, tushuke, Jumatatu kazini. Hebu piga hesabu na mimi. Lango liko kama mita 2,650. Shipton ni kama 4,200. Madaktari wa milima hushauri ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kila usiku. Sisi tuliruka usiku mzima wa Old Moses kwa sababu bosi hatoi ruhusa Jumatatu.

Halafu mvua. Ilitukamata bonde la Likii, na tukikaribia kambi ikageuka theluji. Ndio, theluji, Kenya. Dada mmoja kwetu alikuwa amevaa jinzi, na manze, jinzi ikilowa huko juu haikauki, inakunyonya joto tu. Kichwa kikamuuma, akatapika, kisha akanyamaza. Nikamuuliza leo ni siku gani. Akasema Alhamisi.

Kiongozi wa safari akasema apewe chai ya tangawizi, saa nane atakuwa sawa. Mpagazi mmoja, mzee asiye na kelele, ndiye alimvua soksi akamvika zake kavu, akatafutiwa nguo zingine. Kisha akatuambia dawa ni kushuka, sasa hivi. Tukashuka watatu na tochi mbili, tukimshika mkono. Kadiri tulivyoshuka ndivyo alivyoanza kujibu maswali. Old Moses tulifika kukipambazuka.

Jumapili jioni picha ikaingia kwa grupu: kibao cha Lenana, bendera, na maneno "hawa ndio walimaliza". Sisi wawili hatukutajwa. Mzee wa soksi pia hakutajwa, na huyo ameona hicho kibao mara nyingi kuliko sisi wote.

Walimaliza nini sasa? Marekani kuna njia ya milimani inaitwa Appalachian Trail, zaidi ya kilomita 3,500, inapita majimbo 14. Kuna watu huitembea kwa miaka na miaka, likizo moja kipande kimoja. Wakikamilisha, shirika linaloitunza huwatambua sawa tu na aliyeitembea yote kwa mwaka mmoja. Na sisi, watu wa kununua simu, friji na pikipiki kwa lipa mdogo mdogo, ndio tunaona aibu kulipa mlima hivyo?

Hoja moja nawapa: pesa. Kila safari ni lango tena, nauli tena, mpagazi tena. Na mwili hauweki akiba. Ukikaa Nairobi wiki kadhaa, ule uzoefu wa hewa ya juu unapotea, safari ijayo unaanza upya, polepole. Kwa hivyo sisemi ni bei rahisi. Nasema kama likizo yako ni ya siku mbili, mlima wako wa mwezi huu ni wa siku mbili. Usichukue safari ya siku nne uibane ndani yake, halafu umwite mwoga yule ambaye mwili wake umekataa. Na nyinyi mnaouza hizo safari za wikendi, mnajua hizo mita vizuri kuniliko. Ziandikeni kwa bango, karibu na bei.

Februari narudi na yule dada. Tutalala Old Moses usiku mbili, na siku ya katikati tutapanda mpaka Likii, tutazame lobelia, tushuke. Jinzi ameacha kabisa. Gari lina nafasi mbili bado, na Lenana hatuendi, so usiniulize.