Supu ya Alhamisi kwenye Theluji

Wadau, leo nina neno kuhusu chakula cha mchana. Najua yapo mambo makubwa zaidi ya kuandika, na mhariri wangu angenitazama vibaya kama ningempelekea makala inayoanza na bakuli la supu. Lakini hapa ni kwangu, kalamu yake nyekundu haifiki. Na baada ya siku kumi nilizozurura Ufini (Finland, kama tulivyozoea kuiita kwenye habari za wafadhili) nimerudi na jambo moja lisilonitoka kichwani. Ukitaka kuijua nchi, achana kwanza na hotuba na takwimu. Angalia saa sita mchana nani anakula, na nani anazuga.

Rovaniemi ni mji wa kaskazini, karibu kabisa na ile Duara ya Aktiki tuliyoikariri kwenye jiografia bila kuamini kwamba kuna watu wanaishi huko. Watalii humiminika mwezi wa Desemba kumtafuta Baba Krismasi. Mimi nilifika Februari, kwa treni ya usiku kutoka Helsinki, na nikakuta nyuzi joto 22 chini ya sifuri. Kwa mtu aliyekulia Temeke, hilo si baridi, ni adhabu. Pumzi inaganda kwenye vinyweleo vya pua, na ukivua glavu ili upige picha, ndani ya dakika mbili vidole havikusikii tena. Theluji nayo si kitu cha kwenye sinema. Inalia chini ya kiatu kama unga wa muhogo mkavu, na barabarani kuna watu wanaoamka alfajiri kuiondoa ili wengine waende kazini.

Ikifika saa tano asubuhi, wenyeji wanaanza kwenda kula. Ndiyo, saa tano. Saa saba wengi wameshamaliza. Milangoni kwa migahawa kunatundikwa kibao chenye neno moja, lounas, yaani chakula cha mchana, na hapo umeitwa. Unaingia, miwani inaziba kwa mvuke, unasimama kama kipofu huku ukivua koti, kofia, skafu na glavu. Vyote unavitundika ukutani pamoja na vya wengine, hakuna mlinzi. (Nilitupia jicho koti langu mara tatu. Ukiwa umezoea Kariakoo, hauachi mara moja.) Unalipa kwanza, unachukua sinia, unajipakulia mwenyewe.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi Ufini ni siku ya supu ya njegere kavu. Inaiva hadi inakuwa nzito kama uji, ndani yake kuna vipande vya nyama ya nguruwe, na juu unatia haradali. Baada ya hapo kunakuja chapati nene ya kuokwa, unapaka jamu. Inasemekana desturi hii ilianza enzi za Ukatoliki, watu wakishiba Alhamisi kabla ya mfungo wa Ijumaa. Ukatoliki ulishapoteza nafasi yake huko karne kadhaa zilizopita, supu imebaki, hata jeshini wanapewa siku hiyo hiyo. Pembeni kulikuwa na mkate mweusi wa shayiri nyeusi ambao ni mgumu kuutafuna, siagi, saladi, na maziwa. Watu wazima, wanaume wenye ndevu, wanakunywa maziwa na chakula kama watoto wa chekechea! Kahawa ipo kwenye bei. Nyepesi, lakini ya moto, na unaongeza hadi uchoke.

Utamu? Tusidanganyane. Pilipili hawana habari nayo, na mama lishe yeyote wa Buguruni angewafundisha kazi. Lakini ukitoka kwenye baridi ile, kijiko cha kwanza kikishuka tumboni unasikia miguu inarudi mwilini. Nilirudia mara mbili, sikuona haya.

Kilichonikamata zaidi ni waliokuwa kwenye foleni. Mbele yangu walikuwapo vijana wawili wenye makoti ya kung'aa, wale wa kuondoa theluji. Nyuma yangu akina mama wa ofisini wenye vitambulisho shingoni. Kulikuwa na babu mmoja peke yake, dereva wa basi, na bwana mmoja wa suti. Chungu ni kile kile, upawa ni ule ule. Hakuna meza kuu wala "waheshimiwa watangulie". Sisi ambao hata kwenye msiba tuna sahani za wageni wa heshima, tungeweza kulitazama jambo hilo kidogo.

Najua atatokea mtu aseme: hao ni matajiri, usitulinganishe. Hoja hiyo ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu haina miguu.

Kati ya mwaka 1866 na 1868 njaa iliua takriban asilimia 8 ya Wafini. Watu walichanganya unga na gamba la ndani la msonobari ili mkate uongezeke. Hayo hayakutokea enzi za mababu wa mababu. Ni karne moja na nusu tu. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Rovaniemi hiyo hiyo niliyokula supu ilichomwa na majeshi ya Ujerumani yakiondoka mwaka 1944, ikabaki majivu na mabomba ya moshi. Nchi ilipoteza ardhi, ikawapokea watu wake wapatao 400,000 waliohama maeneo yaliyochukuliwa, na ikatozwa fidia ya vita na Umoja wa Kisovieti ambayo haikumalizika kulipwa hadi mwaka 1952.

Sasa sikiliza. Sheria ya kuwapa watoto wote wa shule za msingi chakula cha bure ilipitishwa mwaka 1943. Katikati ya vita. Halmashauri zikapewa miaka mitano kujipanga, na mwaka 1948 ikaanza kutumika nchi nzima, wakati deni la fidia bado liko shingoni. Mara nyingi Ufini hutajwa kuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo kwa sheria. Mwanzoni ilikuwa uji na supu tu. Watoto walikuja na kipande cha mkate na maziwa kutoka nyumbani, wakafanya kazi kwenye bustani za shule na kuchuma matunda ya porini kuchangia chungu. Hawakungoja watajirike ndipo walishe. Leo mtoto anakula bure kuanzia elimu ya awali hadi anapomaliza sekondari, awe wa waziri au wa mfagizi, na akifika chuo kikuu serikali inachangia bei ya sahani yake.

Sisemi Ufini ni peponi. Sahani yangu ilinitoka euro 13, zaidi ya shilingi 30,000 zetu, fedha ambazo Dar ningekula wiki mbili. Helsinki kuna foleni za watu wanaosubiri mikate ya msaada, foleni zilizozoeleka tangu uchumi wao ulipoyumba miaka ya 1990. Umaskini wanao, ila mtoto wa aliye kwenye foleni hiyo, akiwa shuleni, mchana amekula. Hapo ndipo wametuacha.

Huku kwetu ada iliondolewa mwaka 2016, na likawa jambo kubwa, madarasa yakajaa. Chakula kikabaki suala la wazazi na kamati ya shule. Vijijini, baada ya mavuno, wazazi wengi huchangia mahindi na maharage na mambo yanakwenda. Mjini mahindi ya kuchanga yatoke wapi? Mchango ni fedha taslimu, na hapo ndipo watoto wanapogawanyika. Mtoto wa Gongo la Mboto anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anasukumana na konda asiyemtaka kwa sababu ya nauli ya mwanafunzi, na ikifika saa sita wengine wanapanga foleni ya makande yeye anakwenda kunywa maji bombani. Saa nane mwalimu anamuuliza swali la hesabu. Halafu matokeo yakitoka tunakaa kwenye vijiwe kujadili mtaala.

Kwenye fani yangu nako ni hivyo hivyo, ingawa hatupendi kulisema. Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari moja moja huchagua habari kwa tumbo. Mkutano wenye bufee hotelini unajaa kamera. Mgogoro wa ardhi huko Chanika, ambako hakuna hata soda, unapata mtu mmoja au hakuna. Tunalaani bahasha, lakini bahasha huwa inakuja baadaye. Kwanza inakuja sahani ya wali na kuku, na ukishaila, kuuliza swali gumu kunakuwa kama utovu wa adabu. Ufini waajiri wengi huchangia chakula cha mchana cha wafanyakazi wao. Nilipowaeleza waandishi wenzangu wa huko jinsi sisi tunavyokula kwa walioandaa mkutano, walinyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza: sasa mnawaandikaje?

Majirani nao wameanza. Nairobi, mwaka 2023, kaunti ilizindua mpango wa Dishi na County: jiko kubwa linapika, magari yanasambaza mashuleni, mzazi anachangia shilingi 5 za Kenya kwa sahani na mtoto anagusisha bangili yake kwenye kifaa ndipo anahudumiwa. Unaweza kuukosoa kwa mengi, na magazeti ya huko yanajua kazi hiyo. Lakini hakuna theluji Nairobi wala mafuta ya kuchimba. Kuna walioamua.

Mjomba wangu, ambaye yuko kwenye kamati ya shule moja ya msingi huku Temeke, nilimtumia picha ya ile supu. Akajibu kwamba wenzetu wanalazimishwa na baridi, kwetu mtoto akikosa mchana anavumilia, atakula jioni, na sisi sote tulikua hivyo. Nikamwambia, mjomba, sote tulikua hivyo tuliobaki. Waliolala darasani hadi wakaacha shule hawapo kwenye kamati.

Akakaa kimya siku mbili, kisha akapiga simu. Hakutaka tena habari za Ufini, alitaka kujua jiko lijengwe wapi na nani apike. Nikamkumbusha kwamba nje ya geti la shule yake kuna akina mama watatu wanaopika kila siku tangu saa kumi na mbili, wana masufuria, wana wateja, na wanawajua kwa majina watoto wasionunua. Amesema atalipeleka kwenye kikao cha mwezi huu, na ameniomba nimtafutie bei ya maharage ya jumla.