Haumo Kwenye Mfumo

Mama aliyenitangulia kwenye foleni ya ofisi moja ya umma alikuwa ameshika kadi yake mkononi. Afisa alitazama kompyuta, akamjibu: "Haumo kwenye mfumo." Foleni ikasogea. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha kuandika programu, nilibaki na swali: mfumo umetafuta wapi?

Katika lugha ya Java, yaliyomo ndani ya kitu hukokotolewa yakatoa namba iitwayo hashi. Mkusanyiko uitwao HashSet huitumia namba hiyo kama karani wa masijala atumiavyo namba ya jalada: haupekui kabati zima, bali huiendea droo inayohusika. Hiyo ndiyo siri ya kasi yake, hata majina yakiwa milioni.

Namba hiyo, hata hivyo, si utambulisho. Maandishi "Aa" na "BB" yote hutoa 2112. Vitu vilivyo sawa sharti vitoe hashi moja, lakini hashi moja haithibitishi usawa. Ndani ya droo bado inabidi kulinganisha.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Tuseme hashi imetokana na jina la ukoo. Mwanamke ameandikishwa, kisha ameolewa, na jina limebadilishwa ndani ya jalada lake bila jalada lenyewe kuhamishwa. Ukimtafuta kwa jina jipya, programu hukokotoa namba mpya na kwa kawaida hufungua droo nyingine, isimwone. Ukimtafuta kwa jina la zamani, droo ni ile ile, ila jina lililomo halilingani tena. Katika jumla ya walioandikishwa anahesabiwa, akiulizwa, hayupo. Wala programu haitoi kosa lolote. Waraka rasmi wa Java unatahadharisha juu ya kuweka vitu vinavyobadilika katika mkusanyiko wa namna hii, na wanafunzi wangu hupoteza alama kwa kuupuuza.

Mwananchi hupoteza zaidi ya alama. Kwa hiyo ofisi inayotunza daftari la watu na iulizwe: ufunguo wenu umetokana na nini, na je, jina au makazi yakibadilika, mnaliondoa jalada na kulisajili upya? Na utafutaji wa haraka ukishindwa, afisa ana ruhusa ya kupekua daftari zima, jalada kwa jalada? Kompyuta itachelewa kidogo. Yule mama alikwisha kusimama foleni tangu asubuhi.