Boti, basi na treni zisizongojana

Mhariri,

Abiria wa Lamu anayetaka kufika Nairobi kwa reli hupanda vyombo vitatu: boti, basi na treni. Kila chombo kina mwenyewe, tiketi yake na saa zake. Hakuna aliyepewa jukumu la kuviunganisha, na hasara ya pengo hilo humwangukia abiria.

Safari huanzia baharini. Atokaye Faza, Kizingitini au Siyu, kisiwani Pate, hufuata maji. Kujaa na kupwa husogea mbele takriban dakika 50 kila siku, na penye kina kifupi kama Siyu, boti haipiti maji yakipwa. Basi la Mokowe, upande wa bara, huondoka asubuhi, iwe bamvua au maji mafu. Kwa hivyo wengi wa Pate huja Amu, yaani mji wa Lamu, siku moja kabla, wakalala kwa jamaa au wakakodi chumba, ndipo alfajiri wavuke kwenda Mokowe. Huko gatini mizigo hupandishwa ngazi kwa mikono, mgonjwa na mzee wakishikwa mkono, huku utingo akiita abiria wa mwisho.

Barabara ya Garsen hadi Lamu sasa ina lami, na vumbi na matope ya zamani si kisingizio tena. Hata hivyo, bado si njia ya kuhesabia saa. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, vizuizi na ukaguzi wa usalama vimekuwa sehemu ya safari, na mwishoni mwa 2023 mafuriko ya Mto Tana yaliikata. Basi linaweza kuchelewa bila kosa la dereva.

Tatizo kubwa liko Mombasa. Treni ya Madaraka Express, iliyozinduliwa Mei 2017, huondokea Miritini, upande wa bara. Ofisi nyingi za mabasi ziko Mwembe Tayari, kisiwani. Abiria wa Lamu huingia mjini kupitia Mtwapa na daraja la Nyali, akashuka, akatafuta matatu au tuktuk, akatoka tena kupitia Changamwe katikati ya msongamano. Akifika stesheni, mabegi hupangwa chini kwa mstari yanuswe na mbwa wa polisi, kisha yapitishwe kwenye mashine, kwa hivyo lazima awahi mapema. Treni ya saa tisa alasiri humpita kwa urahisi, na inayofuata ni ya saa nne usiku.

Kurudi kungekuwa rahisi zaidi. Treni ya usiku kutoka Nairobi huingia Miritini kabla ya mapambazuko, na mabasi ya Lamu huondoka Mombasa asubuhi. Saa zinakaribia kulingana, ila gari la kumtoa abiria stesheni hadi kwenye basi halimo katika ratiba yoyote. Nauli hupatanwa gizani, na mgeni wa mji ndiye hutozwa zaidi.

Nairobi ilikuwa na tatizo kama hili, kwa kuwa kituo cha treni hiyo kiko Syokimau, mbali na katikati ya mji. Treni ndogo ya kuunganisha ikawekwa hadi stesheni kuu, na saa zake zikafuatana na za treni kubwa. Kwa Lamu, basi moja lingetosha kufanya kazi hiyo.

Wapo wanaosema reli itakuja Lamu yenyewe. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Machi 2012 ukiahidi reli pamoja na bandari. Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa Mei 2021, lakini njia ya reli haijatandikwa. Kwa sasa stesheni ya Lamu ni Miritini.

Serikali ya Kaunti ya Lamu, Shirika la Reli, wenye mabasi na vyama vya wenye boti wanapaswa kuketi meza moja. Walau basi moja kwa siku lipitie Miritini, kwenda na kurudi. Ratiba ya boti za Pate ichapishwe kila mwezi kwa kufuata jedwali la maji, na ibandikwe Mokowe, Amu na Mtangawanda kisiwani Pate. Na basi likichelewa barabarani kwa sababu ya ukaguzi au mafuriko, tiketi ya treni ihamishiwe safari inayofuata bila malipo mapya. Hayo yote hayahitaji daraja wala reli mpya, yanahitaji makubaliano tu.

Msomaji,
Langoni, Lamu