Maisha ya Karani na Maisha ya Rais

Husemwa na baadhi ya wachapishaji, na wahakiki wengine huitikia, kwamba kitabu cha maisha ya mtu asiye na jina hakina mnunuzi. Kauli hiyo ilikwisha kukanushwa zamani, tena na mtu ambaye hao hao humwita gwiji.

Maisha Yangu ya Shaaban Robert yalipochapishwa mwaka 1949, mwandishi wake hakuwa waziri wala jemadari. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, aliyeanzia kazi katika idara ya forodha mwaka 1926. Baadaye kitabu hicho kiliunganishwa na Baada ya Miaka Hamsini, kikaingizwa katika mfululizo wa Diwani ya Shaaban, bega kwa bega na mashairi yake. Hapo ndipo mahali pake. Ndani yake nathari hupisha tenzi mbili: Hati, kwa bintiye Mwanjumaa, na Adili, kwa mwanawe wa kiume. Anayezikata tenzi hizo akabakiza tarehe na vyeo, amesoma jalada la ofisi, hakusoma kitabu.

Leo rafu za Dar es Salaam zina maisha ya wakubwa. Benjamin Mkapa alitoa yake mwaka 2019, kwa Kiingereza; Ali Hassan Mwinyi yake mwaka 2021, kwa Kiswahili. Vitabu hivyo vina haki yake. Lakini je, maisha ya nchi ni ya Ikulu peke yake?

Tandika na Mbagala, Tandale na Mwananyamala, wako mama ntilie waliosomesha watoto kwa sufuria ya wali, makondakta wa daladala, na wazee waliohamia kutoka Kilwa na Mafia wakiwa na kikapu kimoja. Vijana wa Temeke, akina Juma Nature na TMK Wanaume, hawakungoja ruhusa: mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliyaimba maisha ya mitaa yao, na nchi nzima ikasikiliza. Basi wasikilizaji wapo. Ila wimbo wa dakika nne haubebi miaka arobaini ya mtu. Kazi hiyo ni ya riwaya.

Watasema lugha ya mitaa hiyo ni chafu. Lugha haisafiki kwa kufungiwa nje ya vitabu. Watasema tena kwamba watu hao wenyewe huona haya kujieleza. Wahenga walikwisha kujibu: mficha uchi hazai.

Kinachotakiwa ni mchapishaji mmoja mwenye moyo, atakayefungua mfululizo wa riwaya za maisha ya watu wa kawaida, na kuwaachia waandishi wake nafasi ya utenzi pale nathari inaposhindwa. Mlango huo karani aliufungua tangu 1949. Walioufunga ni wale wanaomsifu kila mwaka.