MKOBA WA ASKARI UWE NA KIPIMO



Ajali ikitokea katika barabara yetu kuu, toka Naivasha hata Londiani, mara nyingi mtumishi wa serikali afikaye kwanza si daktari, ni askari polisi. Na walalao chini ni wenzetu: madereva, mataniboi, wachuuzi. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, moto wa lori la petroli uliua watu zaidi ya 100. Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori liliua zaidi ya 50. Na Karai, Naivasha, tarehe 10 Desemba 2016, askari wa GSU walikuwa miongoni mwa waliokufa.

Sheria ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali la Sita, yaamuru kwamba askari wakitumia nguvu na mtu akaumia, apewe msaada wa matibabu mara moja. Ni maneno mema. Lakini Jedwali hilo halitaji mkoba wala vitu vya kutiwa ndani. Askari atasaidia kwa kitu gani? Kwa leso yake?

Sisi wa viwandani tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, imtakayo mwajiri aweke sanduku la huduma ya kwanza lenye kipimo kilichowekwa. Askari naye ni mfanya kazi. Kazi yake iko njiani, basi sanduku lake litembee naye.

Damu itokayo kwa nguvu huua kwa dakika chache. Kwa hiyo twataka mambo manne.

Kwanza, Inspekta Jenerali atoe orodha moja kwa vituo vyote: mkanda wa kubana damu, bendeji ya kukandamiza, shashi ya kujaza kidonda, glavu, mkasi, na kalamu ya kuandika saa mkanda ulipofungwa, maana daktari hana budi kuijua.

Pili, mkanda uwe imara, si wa rahisi ukatikao ukikazwa.

Tatu, askari afundishwe na kukumbushwa kila mwaka. Mkanda hufungwa juu ya jeraha, upande wa moyo, wala si juu ya goti au kiwiko.

Nne, mikoba ikaguliwe, na kilichotumika kirudishwe bila kumkata askari mshahara.

Huko Marekani, mwaka 1 baada ya mauaji ya shule ya Newtown ya 2012, madaktari wapasuaji walikwisha kutoa shauri kwamba kuzuia damu kuwe ujuzi wa kila polisi.

Watasema fedha hazipo. Mbona risasi huhesabiwa moja moja? Bendeji nazo zihesabiwe.

Twajua wako kati yetu wanaokumbuka rungu la askari kuliko msaada wake. Lakini askari hawana chama cha kuwasemea kama sisi, na damu wanayoweza kuizuia ni yetu. Kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano wake ujao, na kumwandikia Mbunge wake.

Umoja ni nguvu.